Kwangu Hajafika Mtu

Mama Mapacha alikuwa na miguu miwili kama watu wengine, lakini kwa miaka kumi na minne ilikuwa imefanya kazi ya miguu minne. Kazi yake ilikuwa kuuliza. Kampuni ya utafiti, yenye ofisi ghorofa ya pili juu ya duka la vioo, ilimpa maswali yaliyopangwa, ikamwonyesha mtaa kwenye ramani, naye akaanza kuhesabu nyumba kutoka kona: moja, mbili, tatu, nne, na ya tano anabisha hodi. Akimaliza hapo anahesabu tena. Wenzake vijana walikuwa wakiiruka nyumba yenye mbwa. Yeye haruki. Mbwa atafungwa, yeye atasubiri. Geti la tajiri likigoma kufunguka atalirudia mara tatu kama sheria inavyotaka, na kuna geti moja alilirudia mpaka mlinzi akaanza kumwita shangazi.

Tena si kila anayefungua mlango ndiye anayeulizwa. Sheria ilisema achaguliwe mtu mzima ambaye siku yake ya kuzaliwa iko karibu zaidi kufika. Baba mwenye nyumba anaweza kusimama mlangoni amejaa tele, koo ameshalisafisha, lakini kama siku ya mkewe ndiyo inayokaribia, basi baba atapisha. Hapo Mama Mapacha alikuwa ameona mengi. Wanaume wazima walimnunia kama watoto walionyimwa zamu ya kubembea.

Sheria nyingine ilihusu uso. Mdodosaji akipewa jibu, uso wake usiseme kitu. Usicheke, usikunje, usishangae. Mtu akikwambia anampenda mgombea unayemchukia, wewe bonyeza kwenye kishikwambi na uendelee. Mama Mapacha alikuwa na uso huo. Ukimtazama kazini ungedhani anahesabu vigae.

Kabla ya swali la kwanza alitoa ahadi. Maneno ya kampuni yalikuwa mafupi na makavu: majibu yako ni siri. Yeye aliyaongezea ya kwake, ambayo hayakuandikwa popote. Alisema, "Na hata kwamba nimefika hapa, mtu hatasikia kutoka kinywani mwangu." Aliyaongeza tangu mwaka wa kwanza, alipoona jinsi watu wanavyoshusha mabega wakishasikia. Nusu hiyo ya pili, aliyojitungia mwenyewe bila kulazimishwa na mtu, ndiyo iliyokuja kumponza.

Mumewe alikuwa kinyozi. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, viti viwili mbele ya kioo kirefu, kimoja kikiwa kimepungukiwa skrubu, na pazia la maua lililotenga duka na ukumbi. Watoto wao pacha walikuwa wameshaolewa na kwenda zao, wakawaachia wazazi jina. Baba Mapacha alikuwa mtu mpole, mkono mwepesi, na kosa lake moja, kama kosa ni neno lenyewe, ni kwamba alikuwa anapenda wateja wacheke. Na katika msimu wa kampeni hakuna kilichowachekesha kama kura za maoni.

Nchi nzima ilikuwa na wagombea wawili wa maana, mmoja wa miwani na mmoja wa kofia. Redio ikitangaza kwamba wa miwani ana asilimia arobaini na sita na wa kofia arobaini na tatu, duka linawaka moto. Aliyekuwa akiuwasha ni mzee mmoja mstaafu wa posta, jirani wa mtaa wa pili, ambaye kwa kupenda kwake kusimamia mazungumzo ya watu aliitwa, na kuitika, Spika. Alikuja kunyolewa kila baada ya siku mbili, ingawa nywele zenyewe zilikuwa zimeshamuaga.

Hoja zake Spika hazikuwa za kipuuzi, na Mama Mapacha nyuma ya pazia alilikiri hilo moyoni. Aliuliza watu elfu moja na mia tano wanawezaje kusemea mamilioni. Aliuliza nani analipa, maana mwenye kulipa ngoma huwa ana wimbo anaoutaka. Aliuliza kama kuna mtu yeyote dukani pale, au baba yake, au shangazi yake, ambaye amewahi kuulizwa. Watu walitazamana. Hakuna. Basi, alisema Spika, hao elfu moja na mia tano wanaishi wapi, mwezini? Wanajaza makaratasi wenyewe, wamekaa kivulini wanakunywa soda. Duka lilicheka, na Baba Mapacha, mashine mkononi, alicheka nalo. Halafu akaongeza ya kwake, kwamba hata yeye amelala na kura ya maoni kitanda kimoja miaka yote na haijamuuliza kitu.

Mama Mapacha aliyazoea. Lakini kuzoea si kupenda. Yeye mwenyewe hakuwahi kudai kwamba hesabu za kampuni ni sahihi. Aliwajua wanaojibu kwa kunong'ona, wanaojibu wanachodhani unataka kusikia, na wanaosema hawajaamua huku fulana ya mgombea imeanikwa kwenye kamba. Angeulizwa, angesema hivi tu: kama hesabu ni kweli sijui, ila niliuliza. Hilo la kuuliza ndilo lililokuwa jina lake, na hakuwa na jingine.

Mkosi ulianza kwa ugonjwa wa mwenzake. Kwa kawaida mdodosaji hapelekwi mtaa wa karibu na kwake, lakini mwenzake alipolazwa, ofisi ikakosa mtu, na msimamizi, binti makini aliyevaa saa kubwa kuliko mkono, akamwomba Mama Mapacha azibe pengo. Alikubali. Akahesabu nyumba kutoka kona ya mtaa wa pili, na ya tano, asubuhi ile ya Jumanne, ikawa ya Spika.

Spika hakuwapo. Alikuwapo mkewe, fundi cherehani, mezani kwake kando ya dirisha, akikata mashati ya sare za shule. Siku yake ya kuzaliwa ilikuwa mwezi ujao; ya mumewe ilishapita. Kwa hiyo ndiye. Mama Mapacha alikaa kwenye kiti kilichochanika mkono, akatoa ahadi yake yote, nusu ya kampuni na nusu yake, wakaanza. Mke wa Spika alijibu taratibu, akifikiri kila swali kama anapima kitambaa kisichotosha. Dakika arobaini. Mwishoni alipoombwa namba ya simu kwa ajili ya uhakiki, alisema yake iko kwa fundi, kioo kimepasuka, akatoa ya mumewe. Mama Mapacha aliiandika. Kosa lake lilikuwa hapo, maana simu ya uhakiki ingepokewa na mume, na alilijua alipofika barabarani, lakini alikuwa na nyumba nyingine nne za kuhesabu.

Siku hiyo pia alipoteza kadi yake ya majibu, ile karatasi ngumu yenye ngazi tano, kuanzia naridhika sana mpaka siridhiki kabisa, ambayo anayeulizwa huonyeshwa ili achague. Alipekua mkoba mara tatu. Ofisi ikampa nyingine, pamoja na karipio dogo.

Wiki iliyofuata, Jumatano, msimamizi alimwita ghorofani. Alimkaribisha kiti, na Mama Mapacha akajua mambo si mazuri, kwa sababu siku nyingine walizungumza wamesimama. Katika kila nyumba kumi, ofisi huipigia simu moja kuthibitisha. Walikuwa wameipigia hiyo. Mwanamume alipokea, akaulizwa kama kuna mtu alifika kwake kuuliza maswali ya utafiti. Alijibu kwamba kwake hajafika mtu, na kama angefika mtu angejua, kwa sababu mwenye kuulizwa pale ni yeye. Akakata.

"Mimi nakuamini, mama," msimamizi alisema. "Lakini fomu haina sehemu ya kuandika nakuamini."

Utaratibu ulikuwa mmoja. Ijumaa saa nne msimamizi angekwenda mwenyewe kwenye nyumba hiyo. Mama Mapacha angemwonyesha mlango na kusimama hapo, marufuku kusema lolote, asije akaonekana anamlisha mtu maneno. Wenye nyumba wakikana tena, mahojiano yake yote thelathini na mawili ya mzunguko ule yatafutwa, hatapewa mzunguko wa mwisho kabla ya uchaguzi, na kwenye faili lake yataandikwa maneno mawili: amejaza mwenyewe.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Hayo maneno mawili yalimchoma kuliko kukosa kazi. Kazi hutafutwa nyingine. Lakini miaka kumi na minne ya kusubiri mbwa wafungwe igeuke soda za kivulini, tena kwa mdomo wa Spika, hilo hapana.

Jioni alimweleza mumewe, akiacha tu kutaja nyumba ni ya nani. Baba Mapacha alikuwa anatia mafuta mashine. Alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka, akaendelea kutia mafuta mashine ambayo ilikuwa imeshalowa. Mama Mapacha alikwenda kulala na donge lake. Alikuwa ameuliza watu maelfu kuhusu mambo yao, na alishindwa kumuuliza mumewe swali moja: wewe unaniamini?

Alhamisi asubuhi alikuwa nyuma ya pazia akikunja taulo, Spika akaingia dukani na habari mpya. Alikuwa na furaha ya mtu aliyenasa panya. Alieleza jinsi hao watu wa kura za maoni walivyompigia simu, wakajifanya eti wamefika kwake, naye akawaumbua hapo hapo. Kwangu hajafika mtu. Sasa wateja wenyewe waone, alisema, ushahidi si huu? Watu wanabuniwa, nyumba zinabuniwa, na kesho redio inatwambia asilimia.

Duka lilicheka, kisha kicheko kikapungua kidogo kidogo, maana mmoja mmoja walianza kukumbuka kazi ya mke wa mwenye duka.

Mama Mapacha alishika taulo kwa mikono miwili. Angelifungua pazia tu. Angesema kiti chako kimechanika mkono wa kulia, ukutani una kalenda ya posta ya miaka mitatu iliyopita, na mkeo ana akili kuliko wewe. Yote yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini alikuwa ameahidi kwamba mtu hatasikia kutoka kinywani mwake, na mwanamke yule alishusha mabega aliposikia. Akaumeza ulimi wake.

Halafu mashine ya kunyolea ikazimwa.

"Mzee, mimi nyumba hiyo siijui," alisema Baba Mapacha. "Na hizo asilimia sizijui. Nimezicheka hapa na wewe, na pengine nitazicheka tena. Lakini viatu vya mke wangu nawapelekea mafundi mimi mwenyewe. Mwaka huu soli mara tatu. Mtu anayejaza makaratasi amekaa hamalizi soli."

Mashine ikawashwa, kazi ikaendelea, na baada ya muda mtu akaanzisha habari za mpira. Nyuma ya pazia Mama Mapacha alikunja taulo moja mara nne, akaikunjua, akaikunja tena, akilia kimyakimya. Kilikuwa kilio kizuri. Alilala usingizi mzito usiku ule, kazi iwepo isiwepo.

Ijumaa saa nne alimwonyesha msimamizi mlango, akasimama kizingitini kama alivyoamriwa. Spika alikuwapo siku hiyo, tena amevaa koti. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, mguu ukikanyaga pedeli. Msimamizi alijitambulisha, akauliza kwa maneno yale yale ya fomu: je, Jumanne ya wiki iliyopita kuna mtu alifika nyumbani hapa kuuliza maswali ya utafiti?

"Nilishawajibu kwenye simu," alisema Spika. "Kwangu hajafika mtu." Akamtazama Mama Mapacha mlangoni, akaelewa, na kwa haki yake, uso ulimshuka. Hakuwa mtu mbaya. Alikohoa, akasema kwamba anasikitika, shemeji, lakini kweli ni kweli.

Msimamizi alimgeukia mke. Mwanamke hakuinua kichwa. Pedeli iliendelea kwenda, ingawa kitambaa kilikuwa kimeshakwisha chini ya sindano.

Hapo ndipo Mama Mapacha alipoiona. Ukutani, juu ya cherehani, kulikuwa na msumari, na msumarini zilitundikwa karatasi ngumu ambazo mafundi hukatia mashati: mkono, mfuko, kifua. Ya mbele kabisa ilikuwa ya kola. Ilikatwa vizuri, ikapinda kama mwezi mchanga, na katikati yake yalisomeka maneno: *naridhika kiasi*. Kwenye ncha moja kulikuwa na namba 27 kwa kalamu nyekundu. Namba yake ya kazi. Mwandiko wake. Kadi yake iliyopotea ilikuwa imesahaulika mezani, ikachanganyika na vitambaa, fundi akaona karatasi nzuri ngumu, akaitia mkasi.

Ilibaki kunyoosha kidole tu. Msimamizi alikuwa hatua mbili kutoka ukutani. Lakini kidole hicho kingemwambia Spika kwamba mkewe aliulizwa na akanyamaza wiki nzima, na hilo halikuwa la Mama Mapacha kulisema. Alishusha macho akatazama viatu vyake. Soli mpya.

Mwanamke aliinua kichwa mwishowe. Alimwona mgeni wake wa Jumanne amesimama mlangoni, mdomo umefungwa. Macho ya mgeni yaliponyoka mara moja, yakaenda kwenye msumari na kurudi kwenye viatu; mwanamke akayafuata, akaelewa kwamba mgeni ameshaona na hatasema. Pedeli ikasimama.

Alinyanyuka, akaitoa kola msumarini, akaiweka mezani mbele ya msimamizi.

"Dada huyu alikuja," alisema. "Tulikaa hapa mpaka jua likafika kwenye meza. Alisahau karatasi yake nami nikaikata. Nisamehe, dada, nilidhani ni boksi la chumvi."

Spika alikaa kwenye kiti chenye mkono uliochanika. Swali lake la kwanza lilikuwa kwa nini hakuulizwa yeye. Msimamizi alimweleza habari ya siku za kuzaliwa, na akawa mpole kuliko ilivyohitajika. La pili lilikuwa kwa nini mkewe hakumwambia. Mkewe alirudi kwenye cherehani, akasema angemwambia, lakini jioni ile alirudi kutoka kwa kinyozi akihutubia kwamba hakuna mtu duniani aliyewahi kuulizwa, na yeye hakutaka kumharibia hotuba. La tatu ndilo lililomsumbua kuliko yote.

"Sasa ulimjibu nini? Ulimtaja nani?"

"Hilo ni langu," alisema mkewe, na akaanza kukanyaga pedeli.

Msimamizi alitaka kuichukua ile kola kama ushahidi, lakini fundi alikataa katakata, ana mashati themanini ya kumaliza kabla ya shule kufunguliwa. Ikabidi ipigwe picha na kurudishwa msumarini. Kwa hiyo watoto themanini walianza muhula na kola zilizokatwa kwa kipimo cha kuridhika kiasi, na zote zilikaa vizuri.

Jumamosi dukani ubishi ulikuwa umegeuka juu chini. Spika sasa alikuwa anazitetea kura za maoni kwa nguvu zote, maana nyumba yake ilikuwa miongoni mwa elfu moja na mia tano, na utafiti uliofika kwake hauwezi kuwa wa ovyo. Mtu wa kiti cha pili alimkumbusha ya juzi. Spika alimjibu kwa maneno ya mkewe, bila kusema ni ya mkewe: fundi akiletewa jora jipya la kitambaa haliloweki lote kujua kama linachuja rangi, anakata kipande cha pembeni analoweka hicho. Yule wa kiti cha pili alisema kipande cha pembeni hakikuambii kama jora limetobolewa na panya katikati. Wakabishana hapo mpaka ndevu za mmoja zikabaki zimenyolewa upande mmoja. Hakuna aliyeshinda, na nyuma ya pazia Mama Mapacha aliona kwamba wote wawili wamesema kweli. Spika alipoondoka, alisimama kwenye pazia, akasema kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya uspika, "Shemeji, viatu vyako nimevikosea." Mama Mapacha alimwambia yamekwisha, na yalikuwa yamekwisha.

Alasiri duka lilipopoa, alikuwa anaweka mkoba sawa kwa mzunguko wa mwisho. Mumewe aliingia akifuta mikono, akakaa mbele yake.

"Mimi utaniuliza lini?"

Alimwambia haiwezekani, sheria inakataza ndugu na jamaa. Baba Mapacha alisema anajua. Lakini hakuondoka. Mama Mapacha alitazama uso huo aliouzoea, mwenye nao anangoja kama wale mababa wa mlangoni, koo limeshasafishwa, akaona si haki. Akatoa kadi mpya, akaacha kishikwambi mkobani.

"Kabla hatujaanza," alisema kwa sauti ya kazi, "majibu yako ni siri. Na hata kwamba nimefika hapa, mtu hatasikia kutoka kinywani mwangu."

Mumewe alishusha mabega.

"Swali la kwanza. Ukiyatazama maisha yako kwa ujumla, unaridhika nayo kiasi gani? Soma zote tano, halafu uweke kidole."

Alisoma zote tano. Alizisoma taratibu, midomo ikitembea, akarudi juu akazisoma tena, maana hakuna aliyewahi kumuuliza na hakutaka kukosea. Kisha akaweka kidole chake cha kinyozi, chenye kovu la wembe, juu ya kadi, akamtazama mkewe.

Aliweka wapi, Mama Mapacha hajamwambia mtu, na hatamwambia. Lakini siku hiyo, baada ya miaka kumi na minne na maelfu ya majibu, alivunja sheria ya uso.